Giaboksi ya mtumba: siku za garantii zihesabiwe gari likianza kutembea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako niseme jambo linalowagusa wenye magari ya otomatiki, hasa sisi wa Kanda ya Ziwa ambao spea nyingi tunatumiwa kwa basi kutoka Dar es Salaam. Giaboksi ikianza kusumbua, njia ni mbili: uifumue hiyo hiyo uliyonayo na kuitengeneza, au ununue nyingine ya mtumba ufunge. Mpya kabisa tusiitaje, maana kwa magari yetu haya bei yake inaanza kusogelea bei ya gari lenyewe. Kinachoniudhi ni kwamba uamuzi huo mara nyingi mwenye gari haachiwi aufanye. Unafanywa gereji, tena kabla mtu yeyote hajalala chini ya gari kuangalia.

Mimi nashona na kuuza sare za shule, nakaa Buswelu. Gari langu ni Noah ya zamani, ile SR40 ambayo injini iko chini ya viti vya mbele na ukitaka kuiona lazima uinue kiti. Katikati ya wiki linabeba marobota kwenda Sengerema, Geita, Misungwi na Magu. Mwisho wa wiki linakodiwa na watu wa harusi na misiba. Likilala, na mimi nimelala.

Tatizo lilianza Novemba mwaka jana. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025 hatukai tena foleni ya kivuko, unapita juu ya maji kilomita zile tatu kutoka Busisi hadi Kigongo bila kusimama, kwa hiyo ukifika Usagara gari limeshapata moto wa kutosha. Hapo ndipo gia ya tatu ikaanza kuteleza. Nakanyaga mafuta, injini inanguruma, mshale wa spidi umetulia palepale. Nilipofika nyumbani nikaweka rivasi nigeuze getini, gari likakaa kimya, kisha likaruka nyuma kwa kishindo. Asubuhi yake, likiwa baridi, lilitembea vizuri kabisa, na ndiyo maana mtu anaweza kujidanganya miezi mizima.

Nilizunguka gereji kadhaa. Jibu lilikuwa moja: "Mayu, hiyo imekufa, weka nyingine." (Mayu ni mama kwa Kisukuma.) Mmoja alinipa jibu hilo akiwa amekaa juu ya pikipiki yake, na kabla sijauliza bei akaitaja: laki nane na nusu giaboksi, laki moja na nusu kufunga, na duka analijua yeye. Hakuchomoa hata kijiti cha kupimia oili. Sote tunajua fundi akimpeleka mteja dukani anapata chochote. Simlaumu kwa hilo, naye ana watoto, na watoto wake huenda wanavaa sare zangu. Ila asiniambie imekufa bila kuipima.

Fundi niliyempata baadaye, upande wa Nyakato, alianza kwa kunikatalia. Alisema hatasema kitu mpaka gari lipate moto. Akaliendesha yeye, mimi nimekaa pembeni, akirudia kila gia na kuniuliza nasikia nini. Tukarudi, akaliegesha mahali tambarare, injini ikiwa inawaka akapitisha lever kwenye kila gia taratibu na kuirudisha P, ndipo akachomoa kijiti na kukifuta kwa karatasi nyeupe. Oili ya otomatiki ikiwa nzima ni nyekundu na angavu. Yangu ilikuwa kahawia inayoelekea weusi, na ukiinusa inanuka kuungua. Alinionyesha pia jambo ambalo wengi hawalijui: kwenye Toyota nyingi aina ya oili imeandikwa juu ya kile kijiti chenyewe. Za zamani nyingi ni Dexron, zikaja za T-IV, kisha WS, na zile za CVT, otomatiki za mkanda, zina oili yake kabisa. Ukiweka ya kawaida kwenye CVT, unaiua kwa mkono wako.

Akafungua sampu, lile bakuli la oili lililo chini ya giaboksi. Ndani ya sampu kuna sumaku ndogo zinazokamata vyuma. Akaniita nizione. Zilikuwa zimevaa tope laini la kijivu, ukilisugua kati ya vidole halichomi. Alisema hilo ni uchakavu wa kawaida wa gari la umri ule. Kama ningeona vipande, vile vinavyometameta na kuchoma kidole, mazungumzo yangekuwa mengine. Chini ya sampu kulikuwa na chembechembe nyeusi, hizo ni nyama za klachi, yaani utando wake wa kusuguana, zilizoungua.

Kisha akatoa simu, akafungua jedwali la kitabu cha ufundi cha giaboksi za jamii ile. Ndani ya otomatiki kuna klachi na breki kadhaa, na kila gia inashikwa na baadhi yake tu. Akanionyesha kwa kidole: gia ya kwanza na ya pili haziihitaji klachi hii hapa, lakini ya tatu, ya nne na rivasi zote zinaitegemea. Kwenye gari langu ya kwanza na ya pili hazikuwa na shida hata likiwa na moto. Zilizoteleza ni zile zile tatu. "Mayu, ugonjwa wako una chumba chake," aliniambia. "Nyumba nzima haijaungua."

Hapo ndipo nilipoanza kupiga hesabu kama mfanyabiashara. Kufumua, kubadilisha klachi zilizokwisha, seti nzima ya sili na gasketi, oili na ufundi, ilikaribia kabisa ile milioni moja ya giaboksi ya mtumba na kufunga. Wanaosema ya mtumba ni rahisi nadhani wanalinganisha na ovahoo, yaani kufumua na kutengeneza upya, ya Nairobi au na hofu yao. Bei ikishakaribiana, swali linalobaki ni unachokijua na usichokijua. Giaboksi yangu niliijua: ilibeba nini, ilipita wapi, oili ilibadilishwa lini, ugonjwa uko wapi. Ile ya dukani nisingejua chochote.

Muuzaji atakwambia imetembea kilomita chache. Giaboksi haina mita! Mita ilibaki kwenye gari ilikotolewa, na gari hilo hamkuliona wewe wala yeye. Oili imemwagwa ili isafiri, kwa hiyo hata kuinusa huwezi. Nje imepigwa mvuke na kupakwa dawa inayong'aa. Ukimwomba muuzaji afungue sampu muone sumaku, kazi ya dakika chache na gasketi ya bei ndogo, anakukatalia, anasema ukifungua tu garantii imekufa. Yaani garantii inadumu mradi usijue unanunua nini.

Na hiyo garantii yenyewe ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu. Jirani yangu mwenye Premio alinunua kwa simu kutoka Dar es Salaam, akaahidiwa siku saba. Siku zikaanza kuhesabiwa alipotuma pesa. Mzigo ukalala stendi, ukapanda basi, ukafika stendi ya Nyegezi hapa Mwanza, ukangoja fundi amalize kazi ya mtu mwingine. Giaboksi ilipofungwa ikaonekana haina rivasi kabisa. Kupiga simu, anaambiwa siku zimeisha. Kubishana, anaambiwa fundi wako ndiye kaiua. Risiti ilikuwa na yale maneno tunayoyajua sote, kwamba bidhaa iliyouzwa haitarudishwa. Akafunga nyingine, akalipia ufundi upya, na oili upya.

Sisi wateja tunapaswa kujua kwamba Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inalitambua jambo hili: ukimweleza muuzaji unaitaka bidhaa kwa kazi gani, ukategemea ujuzi wake, na yeye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo, kwa kawaida inachukuliwa kuwa ameahidi itafaa kwa kazi hiyo. Na Tume ya Ushindani, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, ina wajibu wa kumlinda mlaji. Sasa ukinunua kwa mdomo, bila risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, bila kuandikiwa ni giaboksi ya gari gani, utakwenda na nini mbele ya mtu?

Nirudi kwenye gari langu. Nilikuwa na bahati ya kalenda. Ilikuwa Novemba, na mimi msimu wangu ni Januari shule zinapofunguliwa, kwa hiyo niliweza kukodi Kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, nikamwachia fundi gari. Ingekuwa wiki ya kwanza ya Januari, na wazazi wamejaa dukani wakidai sketi za kidato cha kwanza, labda ningefunga ya mtumba nikafumba macho. Giaboksi ya mtumba ikiwa mkononi inafungwa kwa siku moja au mbili. Kufumua kunakula wiki na zaidi, hasa klachi zikisubiriwa kutoka Dar es Salaam. Anayekwambia utengeneze bila kukuuliza gari linakuingizia nini kwa siku, huyo naye hakushauri.

Nilikwenda kushuhudia kazi kila nilipopata nafasi, maana mshonaji anapenda kuona kitu kikifumuliwa. Fundi alipanga vyuma juu ya bati safi kwa utaratibu wa kutoka kwake, hakuruhusu pamba wala tambara linaloacha nyuzi, alifuta kwa oili na upepo wa kompresa tu. Pleti za klachi ile ya gia ya tatu na rivasi zilikuwa zimebaki chuma kitupu sehemu fulani, na zile za chuma zinazokaa katikati yake zilikuwa na madoa ya bluu kwa joto. Klachi nyingine zilikuwa na nyama ya kutosha, lakini alizibadilisha zote, kwa sababu ufundi wa kushusha na kupandisha ni ule ule. Pistoni ya klachi ile ilikuwa na sili zilizokauka. Alinipa moja niikunje, ikakatika.

Hapo nikaelewa kwa nini gari lilikuwa zima asubuhi na bovu mchana. Oili baridi ni nzito, inaweza kusukuma pistoni hata kama sili imechoka. Ikipata moto inakuwa nyepesi, inapenya pembeni, klachi inabanwa nusu nusu na kusuguana mpaka inaungua. Kwa hiyo sili ya bei ndogo ndiyo iliyoua klachi.

Kabla ya kufumua alikuwa amepuliza upepo kwenye tundu la klachi hiyo, ukavuja kwa mluzi. Baada ya kuweka klachi mpya, alizozilowesha kwanza kwenye oili, na kupima nafasi yake kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya, akapuliza tena. Safari hii ilijibu dup! moja nzito na upepo ukabaki ndani. Akarudia kwa kila klachi, mimi nikiwa nimeinama nasikiliza. Giaboksi ya dukani hakuna anayekupulizia.

Toki konveta, ile inayopokeza nguvu ya injini kwa giaboksi kwa njia ya oili, hatukuibadilisha. Ile imechomelewa, haifunguki kwa spana, na kwa kuwa hatukukuta vipande vya chuma aliona inatosha kuimwaga na kuisuuza mara kadhaa. Aliniambia wazi kwamba hiyo ni sehemu ambayo hawezi kuniapia. Bomba za kupoozea oili zinazokwenda kwenye rejeta alizipuliza mpaka zikatoa oili safi, maana uchafu wa giaboksi ya zamani ukibaki humo unarudi kuua mpya. Hili linawahusu hata wanaofunga ya mtumba, na ni jambo linalorukwa sana. Kuna kosa jingine la haraka: konveta isipoingia mpaka mwisho kwenye meno ya pampu, kisha mtu akakaza bolti kwa nguvu akidhani anaivuta ikae, pampu inavunjika hapo hapo, na muuzaji atakuwa na haki ya kusema ni fundi wako. Wangu aliizungusha na kuisukuma kwa mikono, ikashuka kidogo, ikashuka tena, akapima kwa rula ndipo akaridhika.

Sisemi kila mtu afumue. Mpwa wangu yuko Geita, ana X-Trail yenye CVT. Ndani ya CVT hakuna gia kama za kwangu, kuna mkanda wa chuma unaopita kati ya puli mbili zinazopanuka na kubana. Yake ilianza kwa kuunguruma, ilipofunguliwa sumaku zilikuwa zimejaa vyuma na puli zina mikwaruzo. Fundi wangu nilipompigia alisema hiyo yeye haigusi, atafute nyingine. Kijana akaitafuta vizuri: hakununua iliyolala chini dukani, alikwenda mahali gari lililogongwa kwa mbele lilikuwa linakatwa, injini bado inawaka, akajaribu kuweka D na R kabla haijashushwa. Akalinganisha namba ya kwenye kibati cha gari, pale palipoandikwa TRANS na AXLE kwa zile zenye kibati hicho, akahesabu na soketi za nyaya. Magari mawili yanayofanana bodi yanaweza kuwa na giaboksi tofauti ndani. Akaweka oili ya CVT ya Nissan. Linatembea mpaka leo. Na rejeta ikipasuka ndani, maji yakaingia kwenye oili ikawa ya pinki kama maziwa ya strawberi, hapo pia mara nyingi klachi zimeshabanduka, na mimi nisingebishana na anayesema weka nyingine, mradi na rejeta ibadilishwe.

Kuna pia ambao hawakuhitaji hata kimoja. Kwenye Toyota nyingi za zama za gari langu ambazo giaboksi yake inaongozwa kwa umeme, taa ya O/D OFF ikianza kupepesa yenyewe ni gari linasema lina kosa limelihifadhi, na kosa lenyewe linaweza kuwa solenoidi moja, yaani vali ndogo ya umeme, au waya uliokatika. Nimeona mtu Igoma akiuza giaboksi nzima chakavu kwa bei ya chuma, aliyeinunua akabadilisha solenoidi na kuifunga kwenye gari lake.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye maduka ya spea, wa hapa Mwanza na wa Dar es Salaam wanaotutumia mizigo, ni hili. Muandike kwenye risiti namba ya giaboksi na gari ilikotoka. Mruhusu sampu ifunguliwe mbele ya mnunuzi au fundi wake kabla pesa haijatoka, na mfunge gasketi mpya kwa gharama ya mnunuzi, hatutakataa. Muweke alama ya rangi kwenye bolti za kasha lenyewe, ili ajulikane aliyefumua. Na siku za garantii zianze gari linapotembea, si linapokuwa juu ya mawe linasubiri mzigo ushuke stendi ya Nyegezi. Fundi wangu, ambaye hana duka wala bango, aliniandikia kwenye karatasi ya daftari alichobadilisha, tarehe ya kukabidhi gari na miezi 6 ya dhamana, akasaini, nami nikasaini. Kama yeye ameweza, mwenye duka la ghorofa na mashine ya EFD anashindwa nini?

Nitashukuru kama muuzaji yeyote wa spea atajibu kupitia safu hii, hasa aniambie kwa nini sampu isifunguliwe.

Mshona sare,
Buswelu, Mwanza.